Chanjo ya H1/IC31 Bagamoyo: Antijeni, Seli T na Mipaka ya Ushahidi wa Kihistoria

Katika historia ya kinga dhidi ya kifua kikuu, matumizi yalitangulia maarifa. Chanjo ya BCG ilitolewa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, ilhali seli dendriti zilielezwa na Steinman na Cohn mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Zinkernagel na Doherty walionyesha kuwa seli T haitambui antijeni iliyo peke yake, bali ile inayoonyeshwa pamoja na molekuli za mwili wenyewe. Kwa bakteria wa kifua kikuu, makrofaji au seli dendriti humemeza, huvunja protini zake kuwa vipande, kisha huvionyesha juu ya utando wake vikiwa vimebebwa na molekuli za MHC za daraja la pili. Seli T zenye CD4 huvitambua vipande hivyo na kutoa saitokini zinazoipa makrofaji nguvu ya kuua bakteria.

Chanjo ya H1/IC31 ilifuata njia ya kinyume: ilibuniwa kutokana na maarifa hayo. Iliunganisha protini mbili teule, Ag85B na ESAT-6, ambayo haimo katika BCG. Jaribio la awamu ya pili, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, lilifanyika Afrika Kusini na Bagamoyo, ambako lilisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Washiriki 48 walikuwa watu wazima wanaoishi na VVU, wenye seli za CD4 zaidi ya 350 kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu. Uteuzi huo una uzito, kwa kuwa VVU huangamiza seli zilezile zinazopaswa kuitambua antijeni.

Chanjo ilivumilika, na seli T zenye CD4 ziliitikia. Hata hivyo, jaribio halikukusudiwa kupima iwapo washiriki walikingwa na ugonjwa. Seli kuitikia ni jambo moja. Mtu kukingika ni jingine. Mwanahistoria akiyachanganya mawili haya, ataandika ushindi usiothibitishwa. Akiyapuuza matokeo kwa udogo wake, atawafuta waliotoa damu yao ili swali lijibiwe. Hoja ya sehemu hii, basi, ni kwamba Bagamoyo isisomwe kama kituo kilichopokea tu sayansi iliyokamilika kwingineko, bali kama mahali ambapo nadharia ya uonyeshaji wa antijeni ilipimwa katika miili iliyoihitaji zaidi.