Kwa nini Rhino husomwa "Raino"

MTANGAZAJI: 

Siku tulipofika Koboko kutoka Kongo, tulipewa karatasi iliyoandikwa Rhino Camp. Mama, aliyesoma shule kwa Kifaransa, akatusomea: "Rino Kan." Asubuhi mtu akaita kwa kipaza sauti: "Raino Kampu!" Hatukuinuka. Lori likaondoka na magodoro yetu, sisi tumekaa tukingoja Rino.

Rhino ni kifaru. Neno lilianzia kwa Wayunani, waliounganisha pua na pembe. Waroma waliandika rh kuonyesha pumzi ya Wayunani kwenye r. Waingereza hawana pumzi hiyo, ila herufi wameitunza. Basi hiyo h iache ikae.

Shida kubwa ni i. Zamani Waingereza waliitamka i ndefu kama sisi, "ii". Kati ya miaka ya 1400 na 1700 sauti ilihama polepole mpaka ikawa "ai". Lakini William Caxton alishaleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na maandishi yakaanza kuganda kabla sauti hazijamaliza safari. Ndiyo maana Nile ni "Nail", na huku kwetu ni "Westi Nail", wakati Mfaransa na Mwarabu wote husema "Nil". Rhino, ingawa ni neno la baadaye, lilifuata njia hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani hadi mwaka uliotangulia, alipiga kambi hapo Rhino Camp, kando ya Nile, akiwinda vifaru weupe. Nchi hiyo iliitwa Lado. Tangu 1894 Waingereza walikuwa wamemkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, huyo huyo wa Kongo. Alipokufa Desemba 1909 mkataba ukafika mwisho, na 1914 West Nile ikaingizwa Uganda. Kwa hiyo Kifaransa cha mama hakikukosea njia, kilichelewa miaka tu.

Magodoro tuliyapata baada ya siku mbili, moja limelowa. Mama hadi leo husema "Rino Kan", na vijana wa bodaboda pale Arua humpandisha bila kumuuliza mara ya pili.

[MUZIKI]