Kamera kwa Mkono wa Nani?

Oskar Barnack alisumbuliwa na pumu, na kamera za sahani za kioo zilimlemea alipotembea milimani. Ndipo fundi huyo wa kampuni ya Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani, akaunda kamera ndogo ya filamu ya sinema ya milimita 35. Kamera hiyo, iliyoitwa Leica, iliingia sokoni mwaka 1925.

Wajapani walitanguliza uimara. Nikon F ya 1959 ilivumilia vumbi na vita, ikapendwa na wanahabari, lakini haikukihurumia kiganja: pembe zake kali, kitufe cha kufyatulia kimewekwa nyuma hata kidole kikalazimika kujikunja. Wepesi ulifuata baadaye: mwaka 1972 Yoshihisa Maitani wa Olympus alitoa kamera iliyojulikana baadaye kama OM-1, yenye gramu 510 tu bila lenzi.

Mageuzi makubwa yaliletwa na wachoraji wa magari. Giorgetto Giugiaro, Mwitaliano aliyesanifu Volkswagen Golf, aliipa Nikon F3 ya 1980 kijivimbe cha kushikia chenye mstari mwekundu. Canon nao walimwita Mjerumani Luigi Colani, na mwaka 1986 ikatoka T90, mviringo kila upande. Kwenye kamera nyingi za wakati huo, kubadili kasi kulidai kidole kiache kitufe. T90 iliweka kigurudumu nyuma tu ya kitufe, kidole cha shahada kikafanya kazi zote mbili huku jicho likibaki kwenye kitazamio. EOS-1 ya 1989 ikaongeza gurudumu la dole gumba mgongoni. Hakuna ubunifu mwingine wa Canon uliowafaa wapigapicha zaidi ya magurudumu hayo mawili.

Wanahabari, hata hivyo, hawakuwa wateja pekee. Mwaka 1993 Canon walitoa EOS Kiss nchini Japani, nyepesi na ya plastiki, wakiwalenga akina mama waliotaka kuwapiga picha watoto wao. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri: hatimaye mkono mdogo ulifikiriwa tangu kwenye karatasi ya mchoro.

Leo tofauti hizo za umbo zimo ndani ya kampuni moja. Nikon Zf ya 2023 ina uso bapa unaofuata FM2 ya 1982 na virungu vya kuzungusha juu. Z6 II ya 2020 ina mshikio mnene. Zote hutoa picha za pikseli milioni 24.5. Anayetembea mitaani na lenzi fupi atafurahia Zf. Anayebeba lenzi ndefu uwanjani kwa dakika 90 anauhitaji mshikio wa Z6 II.