Ruzuku ya kubadilisha magari makuukuu: historia yake na athari zake kiuchumi

Magari yanayounganisha Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, na mji wa Bariadi, yaani Noah na Probox ambazo abiria huziita michomoko, pamoja na malori yanayosomba pamba msimu wa mavuno, mengi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika miaka mingi ughaibuni, hasa Japani. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa serikali za mbali kuhusu hatima ya gari lililozeeka unaigusa pia Itilima. Miongoni mwa maamuzi hayo umo mpango wa ruzuku ya kubadilisha gari kuukuu, yaani fedha ambayo serikali humpa mwenye gari la zamani ili alisalimishe likavunjwe na anunue jipya.

Ufaransa iliuanza mpango wa aina hiyo mwaka 1994, chini ya Waziri Mkuu Édouard Balladur, kwa kutoa faranga 5,000 kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10, na mrithi wake, Alain Juppé, akauendeleza kwa sura nyingine hadi mwaka 1996. Ruzuku ilipokoma soko lilianguka: usajili wa magari mapya ulishuka kutoka takribani milioni 2.1 mwaka 1996 hadi milioni 1.7 mwaka 1997. Kiini cha anguko hilo ni manunuzi yaliyowahishwa, kwa maana kwamba mtu ambaye angenunua gari mwakani hulinunua mwaka huu ili asiikose ruzuku, na mwakani muuzaji humsubiri asimwone.

Somo hilo halikuzizuia serikali wakati mtikisiko wa fedha duniani ulipovikumba viwanda vya magari. Mwaka 2009 Ujerumani ilitenga yuro bilioni 5, ikatoa yuro 2,500 kwa kila gari lililotimiza miaka 9, na usajili wa magari mapya ukafikia milioni 3.8, kabla ya kurudi milioni 2.9 mwaka uliofuata. Marekani nayo ilitoa dola 3,500 au 4,500, kutegemea kiasi cha mafuta ambacho gari jipya lingeokoa. Dola bilioni 1 za mwanzo zilikwisha kwa takribani wiki moja, Bunge likaongeza bilioni 2, na hadi mpango ulipofungwa mwezi Agosti magari karibu 680,000 yalikuwa yamesalimishwa.

Namna magari hayo yalivyouawa inastahili kuelezwa kwa ukaribu. Fundi alimwaga oili yote, akatia badala yake mchanganyiko wa maji na silikati ya sodiamu, kisha akaiwasha injini na kuikimbiza hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Joto likakausha maji, silikati ikaganda kama kioo katika beringi na njia za oili, na baada ya dakika chache injini ikanoki, isifufuliwe tena na fundi yeyote.

Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walikadiria kwamba mpango huo wa Marekani uliongeza mauzo ya magari yapatayo 370,000 kati ya Julai na Agosti 2009, lakini karibu yote yaliazimwa kutoka miezi iliyofuata, hata faida ikawa imefutika hadi kufikia Machi 2010. Mark Hoekstra, Steven Puller na Jeremy West, walioichunguza Texas, walikuta jambo zito zaidi: sharti la kuokoa mafuta liliwaelekeza wanunuzi kwenye magari madogo ya bei nafuu, hivyo jumla ya fedha zilizotumika kununua magari mapya ikapungua, ilhali shabaha ilikuwa kuiongeza.

Hesabu hizo, pamoja na uzito wake, zinaishia kiwandani, bila kuhesabu kazi ambayo gari lililovunjwa lingeweza kuendelea kuifanya kwingine. Japani ilitoa yeni 250,000 kwa mwenye gari la kawaida lenye miaka 13 au zaidi aliyekubali kulivunja na kununua jipya lenye kuokoa mafuta, na gari la umri huo katika barabara za Simiyu bado lina miaka mingi ya kazi. Thamani ya miaka hiyo ilipotea bila kuandikwa popote, ingawa ni haki kukiri kwamba baadhi ya magari hayo yangekuja na moshi mchafu na breki zilizochoka.

Afrika Kusini nayo iliijaribu njia ya ruzuku tangu mwaka 2006, ikianza na randi 50,000 kwa kila teksi kuukuu ya abiria iliyosalimishwa. Tanzania, badala ya ruzuku, imetumia kodi: gari dogo lililotumika, lenye umri wa miaka 8 hadi 10, linapoingizwa nchini hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Ruzuku humpa mwenye gari kuukuu sababu ya kuachana nalo. Ushuru huu humfanya alishikilie, kwa kuwa hulipandisha bei lile ambalo lingechukua nafasi yake, na mkulima wa Itilima apataye fedha mara moja kwa mwaka, pamba inapouzwa, huuhisi mzigo huo kuliko mwenye mshahara. Gari lililokwisha kuingia nchini halitozwi tena ushuru huo hata likifikisha miaka 30, na ndiyo maana Probox iliyochoka huchomelewa bodi, hubadilishiwa injini, kisha hurudi kupakia abiria.