Konami haikufika Gisenyi, Contra ilifika

Mwaka 1988, kampuni ya Konami ya Japani ilipotoa Contra kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Nintendo, Rwanda haikuwa hata na televisheni ya taifa. Hiyo ilikuja 1992. Gisenyi ilijulikana kwa ufukwe wa ziwa Kivu, kiwanda cha bia cha Bralirwa na mpaka wa Kongo. Wakala wa Nintendo hakuwapo, wala duka la vifaa vyake. Lakini watafute leo watu wa Mbugangari, wa Majengo au ng'ambo kule Birere waliokuwa watoto mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, uwatajie Contra. Wapo watakaoanza kukuimbia muziki wa hatua ya kwanza kabla hujamaliza kusema.

Ilifikaje? Kabla ya kujibu, tuangalie kwanza kitu chenyewe kilichosafiri.

Gemu za kukimbia huku unapiga risasi, zile ambazo mchezaji anamwona mtu wake kwa ubavu, skrini inasogea kadiri anavyokwenda kulia, naye anaruka mashimo huku bunduki ikilia, hazikuzaliwa siku moja. Mwaka 1982 kampuni ya Irem ilitoa Moon Patrol, gari la mwezini linaloruka mashimo na kufyatua mbele na juu. Mwaka 1985 Konami wakatoa Green Beret, ambamo askari alitegemea zaidi kisu chake. Septemba ya mwaka huohuo Nintendo wakatoa Super Mario Bros., na tangu hapo mtunzi yeyote aliyetaka mtu wake aruke alikuwa na kipimo cha kujipima nacho. Namco wakaja na Rolling Thunder mwaka 1986. Contra ilipotokea Februari 1987, kwanza kama mashine ya sarafu, ilivikusanya vyote hivyo ikawaweka watu wawili kwenye skrini moja, bega kwa bega, kwa wakati mmoja.

Mengine yalitoka sinema. Askari wake, Bill Rizer na Lance Bean, ni Rambo na Commando wa mwaka 1985 waliotupwa ndani ya Aliens ya mwaka 1986. Mchoraji Mwingereza Bob Wakelin, aliyechora tangazo la gemu hiyo, alinakili waziwazi mikao ya Arnold Schwarzenegger kutoka picha za Predator. Kwa hiyo kitu kilichokuja kunakiliwa dunia nzima kilianza nacho kwa kunakili.

Jina lilikuwa la waasi wa Nicaragua, waliokuwa wakitajwa kila siku kwenye habari baada ya kashfa ya silaha ya serikali ya Marekani kufichuka Novemba 1986. Muziki wa kufungia mashine ya sarafu uliitwa "Sandinista", yaani upande wa pili wa vita hiyohiyo. Watunzi walichukua majina ya vita ya watu halisi wakayabandika juu ya vita dhidi ya wageni kutoka anga za juu. Mtu aliyekulia Maziwa Makuu akilijua hilo ukubwani, hucheka kidogo, kisha anaacha kucheka.

Huku kwetu sinema zile zilikuwa na maisha yao. Rambo na Commando walijulikana kabla ya kuonekana kwenye kaseti yoyote ya gemu, kwa sababu kumbi za video zilikuwa na wafasiri wanaozungumza juu ya filamu. Rwanda filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, na jina kubwa lilikuwa Yanga, aliyefariki 2022, na baada yake Junior Giti. Uganda walikuwa na VJ Jingo, Tanzania wakawa na Lufufu. Mtoto aliyetoka kwenye benchi la ukumbi akakuta gemu yenye mwanamume kifua wazi na bunduki katikati ya msitu, hakuhitaji maelezo. Na maelezo hayakuwapo. Kitabu cha maelezo cha Kijapani kinasema kisa kinatokea mwaka 2633 katika visiwa vya Galuga karibu na New Zealand. Cha Marekani kikahamishia mambo Amerika Kusini, wakati wa sasa. Kaseti zilizofika huku hazikuwa na kitabu wala boksi. Kila nyumba ilijitungia kisa chake.

Sasa njia. Mashine ya Nintendo, Famicom, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, ilikuwa ndani na chipu kuu mbili tu, moja ya kufikiri na moja ya kuchora. Haukupita muda mrefu viwanda vya Taiwan vikawa vinatengeneza nakala za chipu hizo. Kampuni ya UMC ilizitoa kwa wingi, na mashine kama Micro Genius zikajengwa juu yake. China ikawa na Subor, iliyotangazwa na Jackie Chan kama mashine ya kujifunzia, yenye kibodi ili wazazi wasigombe. Urusi ikapata Dendy mwaka 1992. Baadaye watengenezaji wakabana mashine nzima katika kipande kimoja cha silikoni kilichofunikwa kwa tone jeusi la gundi kwenye ubao, na bei ikaanguka mpaka pale ambapo mfanyabiashara wa Dubai angeweza kujaza kontena zima kwa ajili ya Afrika bila kuwaza mara mbili.

Gisenyi ilikuwa mahali pazuri pa kupokea mzigo wa aina hiyo. Huu ni mji wa biashara ya mpakani tangu zamani. Ndipo Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu ilipoundwa Septemba 1976, ikaweka makao yake hapahapa. Kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière watu hupita na kurudi kwa makumi ya maelfu kwa siku, kwa miguu, wakiwa na nyanya, unga, maziwa, vitenge, redio. Vifaa vya umeme vya Asia vilikuwa vikizunguka masoko ya pande zote mbili. Boksi la plastiki jepesi lenye pedi mbili ndani halikuwa mzigo wa kumtoa mtu jasho.

Boksi lenyewe nalo lina mambo yake. Kwa juu lilikuwa limechongwa lifanane na mashine ya kampuni nyingine kabisa, Sega au baadaye PlayStation, lakini ukifungua kifuniko unakuta tundu la pini 60 la Famicom. Pedi zilikuwa na vitufe vya ziada vya kufyatua mfululizo, ambavyo Nintendo hawakuviweka kwenye pedi zao za mwanzo, na kwa Contra vilikuwa neema. Pedi ya pili mara nyingi haikuwa na kitufe cha kuanzia. Ndugu mdogo alipewa hiyo. Waya wa antena ulichomekwa nyuma ya televisheni, halafu mtu akaanza kuzungusha kitufe cha stesheni taratibu, chenga zikipungua, mpaka rangi zikatulia. Kaseti ya njano ilidai kuwa na gemu 9,999,999. Zilikuwa chache, zikirudiwa chini ya majina tofauti. Contra yenyewe ilijitokeza mara kadhaa kwenye orodha: mstari mmoja unaanzia hatua ya tatu, mwingine unakupa roho 30, mwingine unakuanzishia na bunduki ya S mkononi.

Hiyo S inastahili aya yake. Kwenye Contra unakufa kwa kuguswa mara moja tu, na unaanza na roho tatu. Silaha huja angani ndani ya vibebeo vyenye mbawa. Ukivilipua huangusha herufi: M ya risasi za mfululizo, F ya moto unaozunguka, L ya mwale, na S inayotawanya risasi tano kama upepeo wa mkono. Mwenye S anaweza kusimama chini akasafisha jukwaa la juu. Ukifa unaipoteza. Kwa hiyo urafiki ulipimwa pale herufi ilipoanguka katikati ya watu wawili. "Kaka, niachie hiyo!" na kaka tayari ameshairukia.

Hatua ya tatu, ya maporomoko ya maji, ilikuwa mbaya zaidi. Hapo skrini haiendi kulia, inapanda juu, na inamfuata aliye mbele. Ukiruka haraka, mwenzako aliyebaki chini anatoka nje ya picha na kufa bila kuguswa na adui yeyote. Sijui gemu nyingine ya zama zile iliyofundisha subira kwa ukatili kiasi hicho. Sehemu hii ndiyo iliyowatofautisha watu waliocheza pamoja kweli na watu waliokaa tu kwenye mkeka mmoja.

Kwa waliochoka kufa kulikuwa na msimbo: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha kuanza. Unapata roho 30. Aliyeutunga ni Kazuhisa Hashimoto, mfanyakazi wa Konami, aliyekuwa akihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom mwaka 1986. Aliiona ngumu mno kuijaribu mpaka mwisho, akajiwekea njia ya mkato, nayo ikasahaulika ndani. Hashimoto alifariki Februari 2020, akiwa ameacha mfuatano wa vidole unaojulikana na watu ambao hawakuwahi kusikia jina lake. Marekani uliandikwa kwenye magazeti ya gemu. Huku ulikwenda kwa mdomo.

Ulaya, kwa taarifa yako, ilipata gemu iliyopunguzwa makali. Kwa kuogopa sheria za Ujerumani kuhusu vita katika michezo ya watoto, Konami waligeuza askari kuwa roboti wakaiita Probotector, mwaka 1990. Toleo la Japani ndilo lililokuwa tajiri kuliko yote: chipu ya ziada ndani ya kaseti iliwezesha miti kuyumba na theluji kupeperuka, na vipande vya hadithi kati ya hatua. Toleo la Marekani lilikosa hayo, na nakala zilizojengwa juu yake zikakosa pia. Hivyo mtoto wa Gisenyi aliyeshika nakala ya magendo alikuwa akicheza kitu kilekile alichocheza mtoto wa Chicago, na kilichokuwa na makali zaidi kuliko cha mtoto wa Berlin.

Aina hii ya gemu iliendelea kukua mbali na macho yetu. Mwaka 1992 wafanyakazi kadhaa wa Konami waliondoka wakaanzisha Treasure, wakatoa Gunstar Heroes mwaka uliofuata. Aprili 1996 kikundi cha Nazca, chenye watu waliotoka Irem, kikatoa Metal Slug: vifaru vinavyoruka, mateka wenye ndevu wanaokutunuku silaha, michoro ya mkono ambayo mpaka leo haijapitwa. Wengi wetu tulikuja kuijua miaka mingi baadaye, kwenye kompyuta na simu, kupitia programu za kuiga mashine za zamani. SNK, mwenye Metal Slug, alifilisika 2001. Siku hizi kampuni hiyo iko mikononi mwa taasisi ya mwanamfalme wa Saudia.

Kilichoiondoa Contra mitaani hakikuwa gemu bora ya risasi. Kilikuwa mpira wa miguu, na kwa kejeli ya historia, mpira wa Konami hiyohiyo. PlayStation 2 zilipoanza kufika zimetumika, zimefunguliwa kusoma diski za kuchoma, vibanda vya gemu kote Afrika Mashariki vilijaa Pro Evolution Soccer. Mechi moja ina dakika zake, mwenye kibanda anajua achukue lini pesa, aliyefungwa anampisha mwenzake. Contra haina hesabu hiyo: mjuzi hukaa muda mrefu kwenye kiti, mgeni hufa baada ya sekunde 20, wote wamelipa sawa. Biashara ilichagua, wala si ladha.

PlayStation 2 ina kisa kingine kinachouhusu mpaka huu kuliko Contra. Ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, na mwaka huohuo bei ya tantali, madini yanayotolewa kwenye koltani, ilipanda karibu mara kumi kabla ya kuanguka mwaka uliofuata. Koltani ya Kivu ikawa gumzo la dunia, na Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likatoa ripoti juu ya uporaji wa madini ya Kongo iliyozitaja Rwanda na Uganda. Serikali zote mbili zilikanusha. Wapo wanaharakati walioiita vita ya Kongo vita ya PlayStation. Naona jina hilo liliilemea mno mashine moja, kwani simu za mkononi na kompyuta nazo zilikuwa zikiyagombania madini hayohayo. Hata hivyo ni kweli kwamba vibanda vyetu vilipokea, vikiwa vimechakaa, vifaa vya teknolojia iliyonyonya ardhi ya jirani.

Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo wageni kutoka anga za juu wanaivamia Nairobi na askari aitwaye Otero anapambana nao. Ni gemu ya kuona kwa macho ya mhusika, si ya ubavuni, lakini kisa kinamkumbusha mtu Bill na Lance. Konami wenyewe walirudi Machi 2024 na Contra: Operation Galuga, iliyotengenezwa na WayForward wa Marekani. Inahitaji mashine ya kisasa au kompyuta nzuri.

Nakala nazo hazijakoma. Hati miliki za Famicom ziliisha muda wake, na tone lilelile jeusi la gundi sasa limo ndani ya kigemu cha mkononi chenye skrini yake na betri, kinachodai gemu 400, kinachouzwa kwa bei ya chini kuliko pedi halisi ya PlayStation. Contra imo kwenye orodha. Kipo cha mchezaji mmoja, na kipo chenye pedi ya pili ya waya kwa ajili ya mwenzako. Muuzaji akikuuliza unataka kipi, chukua cha pili, maana yale maporomoko hayana raha ukiyapanda peke yako.