Butura: hesabu ya riba iliyo juu ya mbuni

Ukitaka kumchosha mwanafunzi wa ufundi, mwandikie kanuni ya riba ubaoni. Fundi umeme mtarajiwa ataona hayo ni ya wahasibu. Sasa huyohuyo, akiwa ametoka Bukoba au Muleba, muulize habari za butura. Utamkoma!

Butura ni kuuza kahawa ingali maua. Tuseme mkulima anapewa sh. 200,000 leo, anaahidi kilo 200 za maganda. Msimu ukifika, kilo ni sh. 2,500. Mzigo huo ni sh. 500,000, kwa hiyo mkopo wa miezi michache umemgharimu sh. 300,000, yaani asilimia 150. Na mvua ikigoma? Kama aliuza matunda ya mti, hasara ni ya mnunuzi. Kama aliahidi kilo, deni linabaki kwake. Hapo tayari umefundisha riba, mkataba na hatari ya biashara, na hakuna aliyesinzia.

Ufundishaji wa namna hii una umri wake. Christopher Langdell aliuanza katika sheria pale Harvard mwaka 1870. Shule ya biashara ya chuo hicho, iliyofunguliwa 1908, ikaufuata. Ila kisa si lazima kitoke Marekani. Kagera wanacho, tena kirefu.

Wakulima wa Bukoba walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, BNCU, mwaka 1950, wauze kahawa kwa pamoja. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ununuzi ukaenda kwa mamlaka ya zao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na leo KCU inahudumia Bukoba, Muleba na Missenyi. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. 2018 kahawa ikaelekezwa tena kupitia ushirika.

Wape wanafunzi miaka hiyo, kisha waulize: kila mara nani alikuwa na fedha taslimu kabla ya mavuno? Mimi naona swali hilo lina uzito kuliko la bei, maana ushirika unaolipa vizuri mwezi wa saba haumsaidii mwenye shida mwezi wa kwanza.

Kuna atakayesema mkulima wa butura hajui hesabu. Usimkatalie. Mpe kalamu aonyeshe ada ya Januari ingetoka wapi.