Bologonja (kivuko cha mpaka)

Bologonja ni njia ya zamani ya kuvukia mpaka wa Tanzania na Kenya, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ng'ambo yake ni lango la Sand River, Maasai Mara. Watalii waliitumia hadi Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, lakini Bologonja haikurudishiwa watalii.

Mgeni aliyeko Serengeti anayetaka kufika Maasai Mara hulazimika kuzunguka, magharibi kupitia Sirari na Isebania au mashariki kupitia Namanga, na mzunguko huo waweza kumaliza siku nzima. Nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kati ya hifadhi hizo kila mwaka bila kizuizi. Mgeni huhitaji pia nyaraka mbili za kuingia, moja kwa kila nchi: Tanzania haimo katika visa ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda iliyoanza 2014. Kwa kawaida abiria hubadilisha gari la utalii mpakani.

Wafanyabiashara wa utalii wa Kenya wameomba mara nyingi njia ifunguliwe. Upande wa Tanzania huhofia kwamba Serengeti itageuzwa matembezi ya siku moja kwa wageni wanaolala Mara, mapato yabaki Kenya na magari yaongezeke porini. Hofu hiyo ina uzito: kaskazini mwa Serengeti ni eneo ambalo msongamano wa magari hudhuru upesi, hasa nyumbu wanapovuka Mto Mara.