Karatasi Hufuata Kalamu

Watu wengi wanunuapo kalamu ya wino huichunguza sana. Huijaribu ncha yake, huuliza bei, huuliza imetoka nchi gani. Lakini karatasi huinunua yo yote iliyo karibu. Kisha wino ukisambaa kama maji juu ya kitambaa, hata a na o zikawa madoa matupu, wao huilaumu kalamu. Sisi twaona ya kuwa mara nyingi kalamu haina kosa. Kosa ni la karatasi, na asili yake ni ya zamani sana.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolowekwa na kupondwa, zikatekwa pamoja na maji kwa chekeche, maji yakachuruzika, nazo zikabaki zimeshikamana kama mkeka mwembamba. Kati ya nyuzi hizo mna nafasi ndogo mno, nazo huvuta maji kama utambi wa taa uvutavyo mafuta. Kwa hiyo karatasi isiyotiwa kitu hunywa wino; ndiyo ile iliyotumiwa shuleni kwa kukaushia wino. Ili iandikike, hapana budi itiwe gundi ya kuziba nafasi hizo. Basi tukitaka kujua kwa nini karatasi hii ni njema na ile ni mbaya, na tuifuate gundi.

Katika China, Cai Lun, mtumishi wa jumba la mfalme, alimpasha mfalme habari ya kazi ya karatasi mwaka wa 105. Vipande vya zamani zaidi vimefukuliwa, kwa hiyo yeye siye wa kwanza kabisa, ila ndiye aliyeitengeneza kazi hata ikaenea. Alitumia maganda ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Wachina waliandika kwa brashi laini yenye wino wa masizi. Brashi haikwaruzi, na wino ule hauna haraka ya kukimbia. Basi karatasi nyembamba yenye kunywa kidogo iliwafaa, wakaizoea.

Kazi hiyo ikaenda magharibi. Yasimuliwa ya kuwa baada ya vita vya Talas, mwaka wa 751, mateka wa Kichina waliwafundisha watu wa Samarkand. Ikiwa kisa hicho ni kweli chote au sehemu, mji ule ulipata sifa kwa karatasi yake, na kabla ya mwaka wa 800 kazi ilikuwa imefika Baghdad. Waarabu hawakuandika kwa brashi, bali kwa tete lililochongwa. Ncha ya tete hukwama penye nyuzi zilizosimama. Kwa hiyo waliipaka karatasi wanga, wakaisugua kwa jiwe laini hata ikang'aa. Majina yenyewe twayatumia hata leo: kalamu na karatasi yametujia kwa Kiarabu, na Waarabu waliyapata kwa Wayunani. Hata karata za kuchezea, ambazo jina lake limetoka kwa Wareno, asili yake ni neno lile lile la Kiyunani lililozaa karatasi.

Ulaya ndiko ilikotokea shida. Huko waliandika kwa unyoya wa bata bukini, ambao ncha yake ni kali kama sindano, nao walizoea ngozi ya mnyama. Karatasi waliiona dhaifu. Mwaka wa 1231 mfalme Frederick wa Pili alikataza hati za serikali yake zisiandikwe juu ya karatasi, maana alitaka zidumu. Lakini katika karne ile ile mafundi wa mji wa Fabriano, katika Italia, walipata dawa. Walichemsha ngozi na vipande vya wanyama hata vikatoa gundi, wakachovya humo kila karatasi iliyokwisha kukauka, wakaianika tena. Gundi hiyo ilifanya uso mgumu. Unyoya ulipita bila kukwaruza, na wino ulikaa mahali pake. Ziko karatasi za namna hiyo zilizopita miaka 500 ambazo bado zapindika bila kukatika. Kwa maoni yetu, hao wa Fabriano wastahili sifa kuliko wengi waliovumbua mashine.

Maana mashine zilipokuja zilileta wingi, na wingi una bei yake. Mfaransa Louis-Nicolas Robert alitengeneza mashine ya karatasi ndefu isiyokatika, akapewa hati yake mwaka wa 1799. Kuchovya karatasi mojamoja kulikuwa kazi ya polepole mno. Mwaka wa 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig, fundi saa na mwana wa mtengeneza karatasi, alitangaza njia nyepesi: utomvu wa msonobari na shabu vitiwe ndani ya uji wenyewe kabla haujawa karatasi. Njia hiyo ilienea kotekote. Tena, kwa kuwa matambara hayakutosha, Friedrich Gottlob Keller, mfumaji wa Saxony, alionyesha katika miaka ya 1840 jinsi ya kusaga miti kuwa uji. Karatasi ikawa rahisi, na shule nyingi zikapata madaftari. Hilo hatulidharau hata kidogo.

Lakini shabu huzaa tindikali, na tindikali hukata nyuzi polepole. Mbao zilizosagwa nazo hugeuka rangi ya manjano zikipigwa na mwanga. Mmarekani William Barrow alipima vitabu 500 vilivyopigwa chapa kati ya 1900 na 1949, akatoa habari zake mwaka wa 1959: vilivyo vingi mno vilikuwa vimekwisha nguvu. Mtu aliyefungua daftari ya ubatizo au ya mahari ya siku zile, pembe za kurasa zikamvunjikia mkononi kama majani makavu, ameyaona hayo bila kupima.

Wakati ule ule kalamu nayo ilibadilika. Lewis Edson Waterman, wakala wa bima katika New York, alipewa hati ya kalamu yake mwaka wa 1884. Kalamu zenye tangi la wino zilikuwako kabla yake, lakini zilidondosha. Yeye aliweka chini ya ncha kipande chenye mifereji myembamba, wino ukishuka, hewa ipande kushika nafasi yake. (Kile kisa cha mkataba wake uliomwagikiwa wino hupendwa sana, ila ushahidi wake haujulikani.) Kalamu hii hutoa wino wa majimaji bila kukoma, kwa hiyo huitaka karatasi yenye gundi njema. Hapo ndipo karatasi ya gazeti ishindwapo: yenyewe hutiwa gundi kidogo au haitiwi kabisa, kwa sababu wino wa chapa ni wa mafuta nao hausambai. Na tangu kalamu za kijiduara, ambazo Mhungaria László Bíró alizipatia hati mwaka wa 1938, watu wameacha kuichunguza karatasi, maana wino wake mzito huandika po pote.

Na kadi je? Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyekufa mwaka wa 1778, aliandika habari zake juu ya vipande vya karatasi vya kipimo kimoja, apate kuvipanga upya atakavyo. Mwaka wa 1791 serikali ya Ufaransa iliagiza vitabu vilivyochukuliwa katika nyumba za watawa viorodheshwe nyuma ya karata za kuchezea, maana wakati ule nyuma yake palikuwa peupe. Baadaye maktaba za Marekani zilipatana juu ya kadi za sentimita 12.5 kwa 7.5. Lakini unene usitudanganye. Kadi nene huzuia wino usitokee upande wa pili, ila bila gundi wino husambaa juu yake vile vile.

Basi dukani twafanyaje? Omba kipande kimoja. Andika neno kwa mkono wako wa kawaida, kisha tua ncha mahali pamoja huku ukihesabu hata tatu. Doa likiota ndevu, iache. Ukigeuza ukaliona nyuma, usiandike pande mbili. Kama huna kalamu, gusisha pembe ya karatasi mdomoni. Ikinata kwenye midomo, gundi yake ni haba. Kwa hati za kuwekwa, tafuta maneno yasemayo kwamba haina tindikali. Siku za masika funga karatasi vema, kwa kuwa unyevu hulegeza gundi, na uandikapo weka kipande chini ya kiganja, maana mafuta ya mkono hukataa wino. Bahasha nazo zijaribiwe peke yake, kwani mara nyingi katika sanduku moja karatasi huwa njema na bahasha huwa ya namna nyingine, na anwani isiyosomeka humrudishia mwandishi barua yake.